Je, Ni Halali Kubadili Masharti ya Amana ya Marehemu?



Katika sharika zetu za Iramba, Unyaturu na Isanzu kuna neno moja lirudilo mara kwa mara mbele ya wazee wa kanisa. Nalo huwatia mashaka hata watu wema, na pengine ndugu wa tumbo moja huacha kusalimiana kwa ajili yake. Neno lenyewe ni hili: mtu amekufa, naye ameacha mali yake kwa masharti, je, sisi tulio hai tuna ruhusa ya kuyabadili masharti yale? Wengine hujibu upesi, "Neno la marehemu halivunjwi." Wengine nao hujibu upesi vile vile, "Aliyekufa hana haja na shamba. Wanaokula ni walio hai." Tumeona vema kulipima neno hili polepole, maana majibu haya mawili yana kweli ndani yake, lakini kila moja likishikwa peke yake laweza kuwadhulumu watu.

Tuseme kwa mfano ya kuwa mzee mmoja Mkristo alitoa sehemu ya shamba lake kwa usharika, akanena mbele ya mashahidi: "Shamba hili liwe la shule ya watoto wa kijiji hiki. Mazao yake yanunue vitabu. Lisiuzwe kamwe." Kisha akafariki. Miaka ikapita. Baada ya sheria ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule nyingi za misioni, na hapo kijijini ikajengwa shule kubwa ng'ambo ya korongo. Watoto wote wakahamia huko, na kuta za shule ndogo ya usharika zikaanguka. Sasa watu watatu wasimama mbele ya baraza. Mjukuu wa marehemu asema, "Shule haipo tena, turudishieni shamba, maana tuna njaa." Mzee wa kanisa asema, "Tuliuze, tumalize paa la kanisa." Na bibi mmoja aliyekuwako siku ile ya kutoa asema, "Lisiguswe, hata likiota miiba, maana marehemu alisema kamwe." Je, katika hao watatu ni nani anenaye haki?

Kabla ya kutafuta mbali, na tuiangalie desturi ambayo baba zetu waliijua vema. Tangu zamani katika nchi yetu mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa rafiki zake, ili ugonjwa au wezi wasiwamalize wote kwa siku moja. Yule aliyekabidhiwa alipata maziwa kwa watoto wake, na samadi kwa shamba lake la uwele na mtama. Lakini ng'ombe na ndama walikuwa wa mwenyewe. Kiangazi kikizidi, mtunzaji aliweza kuwahamisha mpaka malisho ya Wembere, wala hakuna aliyemwita mwizi kwa kuwa ameliacha zizi la kwanza. Maana ng'ombe aliwekwa kwake ili aishi, hakuwekwa ili afe kwa kiu mahali pale pale. Bali kama akimwuza kwa siri apate mahari ya mwanawe, huyo ni mwizi, hata kama ng'ombe hakusogea hatua moja nje ya zizi alilowekwa. Tena ng'ombe akifa, mtunzaji mwaminifu humpelekea mwenyewe habari upesi, na ngozi pamoja nayo, ili aone kwa macho.

Basi katika desturi hii mna mafundisho matatu. Mahali pa malisho ni njia tu, nayo njia yaweza kubadilishwa. Uhai wa ng'ombe ni kusudi la amana, na kusudi halibadilishwi na mtunzaji. Na ngozi ni ushahidi, maana mtunza amana lazima awe tayari sikuzote kuonyesha alilolitenda. Tukiyashika haya matatu, twaweza kuingia katika maneno magumu zaidi.

Kwanza, na tuseme habari za mwenye mali angali hai. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili, wasia na hiba. Wasia ni neno litakalopata nguvu mwenyewe akiisha kufa, kama Waraka kwa Waebrania ufundishavyo katika sura ya 9. Kwa hiyo yeye aliyeuandika aweza kuubadili leo na kesho, wala hamkosei mtu, maana hajatoa kitu bado. Hiba ni kitu kilichokwisha kutolewa mkononi mwa mwingine. Anania aliambiwa na Petro ya kuwa shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na fedha zilikuwa katika uwezo wake hata baada ya kuliuza (Mdo 5); hakulazimishwa na mtu. Lakini kilichokwisha kuwekwa mbele ya Mungu na kukabidhiwa si cha mtoaji tena, naye hawezi kukirudia kila akikasirika na mchungaji au na mkwewe.

Walakini abadiliye wasia wake na aubadili kwa mwangaza ule ule alioufanyia. Kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zataka wasia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Tena wasia ulioandikwa haufutwi kwa wasia wa mdomo. Hekima yake ni wazi. Mgonjwa alalapo kitandani usiku, na mtoto mmoja tu yuko karibu naye, asubuhi mtoto yule aweza kutoka nje na maneno mapya ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Labda ni ya kweli. Lakini ukoo utajuaje? Waalimu na wainjilisti, ninyi mnaoitwa mara nyingi kuandika maneno ya wazee, liangalieni jambo hili sana. Msiandike wasia ambao ndani yake ninyi wenyewe mwapata kitu. Wala msimhimize mgonjwa kulitajia kanisa mali yake, hali watoto wake wamekaa nje ya mlango hawajui linalosemwa ndani. Bwana wetu mwenyewe alipoombwa kuwagawia ndugu wawili urithi wao alikataa kuwa mgawaji, akawaonya juu ya choyo (Luka 12).

Pili, tuje kwa yule aliyekwisha kufa. Hapa ndipo penye shida, kwa kuwa hatuwezi tena kumwuliza. Maandiko Matakatifu yatupa mifano miwili ifaayo kusomwa pamoja.

Mfano wa kwanza ni wana wa Rekabu (Yer. 35). Baba yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe divai, wasijenge nyumba, wasipande mbegu, bali wakae katika hema siku zao zote. Vizazi vikapita, nao wakashika. Hata jeshi la Nebukadreza lilipoipanda nchi, waliyaacha malisho yao wakaingia Yerusalemu wapate kuokoka. Wakiwa mle mjini waliwekewa divai mbele yao, wakakataa kuinywa. Angalieni: walihama mahali kwa lazima ya vita, lakini hawakusema, "Maadamu tumeingia mjini, sharti lote limekwisha, na tunywe." Walisogea kadiri ya lazima yao, wala hawakuzidisha. Naye Bwana aliwasifu kwa kinywa cha nabii.

Mfano wa pili ni binti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza (Hes. 27). Desturi iliwapa wana wa kiume urithi, na baba yao alikufa hana mwana. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote mlangoni pa hema, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Bwana akasema ya kuwa wamenena haki, na desturi ikabadilishwa. Lakini habari haikuishia hapo. Katika sura ya 36 wakuu wa ukoo walikuja na neno lao pia, ya kwamba binti hao wakiolewa na kabila lingine, nchi itahama pamoja nao. Nao wakaamriwa kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Basi amri moja ilitengenezwa mara mbili, na mara zote mbili kusudi lilikuwa lile lile, jina na urithi wa baba usipotee katika Israeli. Tena mara zote mbili ilifanyika hadharani, na kila upande ulisikiwa. Wale wasemao katika vijiji vyetu ya kuwa binti hana neno katika mali ya baba yake, na wakumbuke ni nani aliyesema ya kwamba hawa binti wamenena haki.

Tatu, kanisa letu la Singida lenyewe limekaa juu ya amana iliyobadilishwa mikono, na kila msharika yafaa aijue habari yake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari wa Misioni ya Leipzig kutoka Ujerumani walifika Iramba, wakafungua kituo Ruruma. Wakristo wa Ujerumani walitoa senti zao ili Injili ihubiriwe huku. Kisha vita vikaja, Wajerumani wakashindwa, na mali ya Wajerumani ikawa mikononi mwa washindi. Ingalikuwa rahisi kuziuza nyumba za misioni kama ngawira. Lakini mkataba wa amani uliotiwa sahihi Versailles tarehe 28 Juni 1919, katika fungu lake la 438, uliagiza ya kuwa mali ya misioni za Kijerumani iendelee kutumika kwa kazi ya misioni, nayo iwekwe mikononi mwa wadhamini wenye imani ile ile ya misioni iliyokuwa na mali hiyo. Mwaka 1926 Misioni ya Augustana, ya Walutheri wa Marekani, ikaipokea kazi ya Iramba. Hivyo mtunzaji alibadilika, na lugha ya nyumbani kwake ilibadilika, lakini ng'ombe hakuchinjwa.

Tena Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, na wamisionari Wajerumani wakazuiliwa, ndugu wa Augustana, ijapokuwa walikuwa wachache, walichukua ulezi wa kazi za Kilutheri katika sehemu nyingine za Tanganyika. Waliitunza kazi ambayo si wao walioianza. Nalo lile shina la makanisa yaliyotunzwa hivyo ndilo lililounganika tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, makanisa saba yakawa moja, na kanisa la Singida mojawapo. Kama wadhamini wale wangalikuwa watu wa kusema, "Aliyetoa ameshindwa vitani, hana wa kumtetea," leo tungalisimama juu ya nini?

Nne, imetupasa kusikia na mfano wa kuonya, tena mfano uliofanyika kwa jina la Ukristo. Katika karne ya 18 alikuwako London mtu wa dini ya Kiyahudi, jina lake Elias de Pas. Katika wasia wake aliacha pauni 1,200 ziwe za mkutano wa kusoma na kufundisha sheria ya Kiyahudi. Mahakama ya Uingereza siku zile ilihukumu ya kuwa sheria ya nchi haiwezi kuisaidia dini isiyo ya Kikristo. Lakini fedha hazikurudishwa kwa jamaa yake. Ilisemwa ya kuwa marehemu alikusudia jambo la dini, basi na ziende kwa jambo la dini. Na sehemu kubwa ya fedha zile ikapewa nyumba ya kulea watoto waliotupwa, ili wafundishwe Ukristo.

Labda msharika mmoja atafurahi kusikia ya kuwa watoto walifundishwa neno la Mungu. Sisi hatuwezi kufurahi. Bwana ametuamuru kuwatendea watu kama tupendavyo kutendewa. Je, ungependa shamba ulilolitoa kwa vitabu vya Biblia lifundishe dini nyingine, kwa kuwa hiyo nayo ni "jambo la dini"? Tazama jinsi neno moja linavyonyoshwa mpaka likapasuka. Mtu akitaka kuiba kusudi la marehemu, hafuti maneno yake, huyapanua. "Alitaka elimu" huwa "alitaka maendeleo," na "maendeleo" huwa paa la nyumba ya mtu. Kwa hiyo njia ikizibwa, tafuta njia iliyo karibu kabisa na ile ya kwanza, usirukie iliyo mbali ikupendezayo wewe.

Tano, lipo neno lililo gumu kuliko yote: itakuwaje kama kulishika sharti kwenyewe kwawaumiza wasio na hatia? Bwana wetu aliwakemea wale waliofundisha ya kuwa mtu akisema "Korbani" juu ya mali yake, hana haja tena ya kuwasaidia baba yake na mama yake (Marko 7). Kumbe hata jina la Mungu laweza kutumiwa kuwa kufuli la kuwafungia nje wenye haki. Nalo kanisa la kale la Afrika latufundisha kwa tendo. Mnamo mwaka 425 Augustino, Askofu wa Hipo, aliwahubiri watu wake habari za Aurelio, Askofu wa Karthago. Mtu mmoja asiye na watoto, wala matumaini ya kuwapata, alilipa kanisa mali yake yote, akijiwekea tu matumizi yake siku za maisha yake. Baadaye akazaliwa watoto. Askofu Aurelio akamrudishia mali yote, wala yule mtu hakutazamia hata kidogo. Augustino alisema wazi ya kuwa askofu angaliweza kutorudisha, kama tukihukumu kwa sheria ya mjini; kwa sheria ya mbinguni asingaliweza.

Angalieni vema jinsi Aurelio alivyolibadili neno. Hakulibadili ili kanisa lipate. Alilibadili ili kanisa likose. Tena hakujiuliza, "Mimi naona nini kuwa chema?" bali, "Huyu mtoaji, kama angalijua ya kuwa atapata watoto, angalisema nini siku ile?" Hilo ndilo swali la mtunza amana. Mkono ubadilio amana ukirudi mtupu, watu huweza kuuamini. Ukirudi umejaa, hata sababu njema haitawatoa watu mashaka.

Basi tuyakusanye maneno haya yawe maswali manne kwa baraza lolote la wazee. Je, njia ya kwanza imezibwa kweli, au imekuwa ya kuchosha tu? Je, njia mpya ni ile iliyo karibu kabisa na kusudi la mtoaji? Je, sisi tunaohukumu twapata faida katika mabadiliko haya? Na je, twaweza kulifanya mchana, jamaa ya mtoaji wakiwapo, na mashahidi, na maandiko? Jamaa hao waitwe kama desturi ya kila kabila ilivyo, maana katika Isanzu ya zamani ukoo ulihesabiwa kwa mama, na kwa Wanyaturu ulihesabiwa kwa baba. Asiachwe mtu kwa hila. Sheria ya nchi nayo, Sura ya 318, imeagiza jinsi wadhamini wa makanisa na vyama wanavyosajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Ikiwa shamba limeandikwa kwa wadhamini wa dayosisi, baraza la usharika lisijitwalie mamlaka ya kuliuza au kuligeuza. Na liwapelekee neno wadhamini.

Sasa na tuwarudie wale watatu waliosimama mbele ya baraza. Bibi anena haki akisema lisiuzwe. Lakini kuliacha liote miiba si kulitunza, maana yule mtumwa aliyeifukia talanta hakusifiwa. Mzee wa kanisa ana kusudi jema, ila si kusudi la marehemu. Tena usharika ni mwenye faida katika shauri lake, kwa hiyo usharika ujihukumu kwa ukali zaidi. Paa la kanisa litengenezwe kwa sadaka zetu sisi, tusimlazimishe maiti kutoa sadaka ambayo hakuinuia. Kanisa laweza kuiba huku likiimba zaburi, ndugu zangu, tuogope sana. Naye mjukuu ana njaa, na njaa yake si ya kudharauliwa. Je, babu yake kama angalikuwako angaliuzuia mtama usiwafikie wajukuu wake? Hasha. Lakini njaa ya mwaka hutibiwa kwa mazao, si kwa kulitoa shamba. Basi shamba na lilimwe. Mjukuu na awe wa kwanza kupewa kazi ya kulilima, apate fungu la mkulima kama mtunzaji apatavyo maziwa. Mwaka wa njaa fungu lake liongezwe, na jambo hilo litangazwe. Na mazao yaliyobaki yanunue vitabu na madaftari ya watoto wa kijiji kile kile, wasomao sasa ng'ambo ya korongo. Kuta za shule zimehama. Watoto ni wale wale ambao marehemu aliwakusudia. Kisha kila mwaka, baada ya mavuno, mtunza hazina asome hesabu mbele ya washarika wote. Hesabu hiyo ndiyo ngozi ya ng'ombe.

Nasi sote tu watunzaji tu. Injili tuliyoipokea hatukuitunga. Tuliikuta imetunzwa na watu waliovuka bahari, na waalimu waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Lugha imebadilika, nyumba zimebadilika, na majina ya misioni yamepita. Lililowekwa kwetu ni lile lile. Bwana mwenye mali yu hai, naye atakuja kuuliza. Na atujalie tuonekane waaminifu katika dogo, hata katika shamba dogo la mzee asiye na wa kumtetea. Amina.